Namna ya Kutengeneza Somo Shirikishi la Mtandaoni la Stadi za Maktaba kwa Wanafunzi wa Chuo Kikuu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, maktaba nyingi za vyuo vikuu huwakusanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ukumbini, huwaonyesha katalogi kwa projekta kwa muda wa saa moja hivi, kisha huwatembeza katikati ya rafu makundi kwa makundi. Wiki kadhaa baadaye, insha ya kwanza inapotolewa, mwanafunzi yuleyule hunakili swali zima la mhadhiri na kulibandika kwenye Google. Si kwamba ni mvivu. Siku ya utambulisho alionyeshwa kitu ambacho bado hakuwa na haja nacho, wala hakukigusa kwa mikono yake mwenyewe. Na siku haja ilipofika, hapakuwa na mtu kando yake.

Idadi ya wanafunzi nayo haituachii njia nyingi. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ilijengwa ipokee watumiaji 6,000 kwa wakati mmoja, na hakuna maktaba yenye wakutubi wa kutosha kukaa na kila mmoja wa watu hao mbele ya kompyuta. Somo la mtandaoni linaweza kuziba pengo hilo kwa sababu mwanafunzi hulifungua siku anapolihitaji, hata kama ni saa sita za usiku bwenini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkutubi mwenye Moodle ya chuo (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni), kompyuta ya kawaida, na bajeti ndogo au asiye na bajeti kabisa. Msimamo wangu ni kwamba somo linastahili kuitwa shirikishi pale tu mwanafunzi anapotafuta kitu halisi kwenye chombo halisi, akapata au akakosa, na akaelezwa papo hapo sababu yake. Slaidi 30 zenye kitufe cha "Endelea" si somo shirikishi, hata zikipambwa kwa rangi na muziki.

Fikra hii si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ilitengeneza somo lililofahamika kwa kifupi kama TILT, na vyuo vingine vikaruhusiwa kulichukua na kulirekebisha. Mwaka 2012 maktaba za Chuo Kikuu cha Arizona zikatoa bure programu yao ya Guide on the Side, ambayo huigawa skrini sehemu mbili: maelekezo na maswali upande wa kushoto, kanzidata yenyewe, yaani hifadhi ya makala ya mtandaoni, ikiwa hai upande wa kulia. Mwanafunzi hasomi habari za kanzidata, bali anaitumia huku akiongozwa. Umbo la programu hiyo lina matatizo kwa mazingira yetu, kama nitakavyoeleza, lakini wazo lake ndilo linalobeba mwongozo huu wote.

Anza na kazi aliyopewa mwanafunzi

Kabla ya kufungua programu yoyote, nenda kwa mhadhiri. Mwombe swali la insha atakalolitoa muhula huo, tarehe ya kulikusanya, na idadi ya marejeo anayoyataka. Vyuo vyetu vingi vina kozi ya stadi za mawasiliano ambayo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huisoma, na hapo ndipo mahali pepesi pa kuanzia, kwa sababu somo moja litawafikia wengi. Hata hivyo, kama kuna mhadhiri wa kozi ya kawaida aliye tayari kulipa zoezi lako alama chache katika kazi za muhula, mchague huyo. Somo la maktaba lisilo na alama hufunguliwa na wanafunzi ambao pengine wangejifunza hata bila wewe.

Baada ya hapo andika malengo, na kila lengo liwe tendo linaloweza kuonekana. "Mwanafunzi ataelewa katalogi" si lengo, maana kuelewa hakuonekani. "Mwanafunzi ataunda fungu la maneno ya kutafutia lenye angalau visawe viwili, alitumie katika kanzidata moja, na achague makala mbili zinazojibu swali lake" ni lengo, kwa sababu unaweza kumwangalia akilifanya na ukaamua kama ameweza. Chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani, ACRL, kilitoa viwango vya stadi za taarifa mwaka 2000, na mwaka 2016 kikapitisha mfumo mpya uliojengwa juu ya dhana sita, mojawapo ikiwa kwamba utafutaji ni uchunguzi wenye mkakati na si tendo la mara moja. Ni nyaraka nzuri za kusoma kabla ya kupanga kazi, ila usijaribu kuziingiza dhana zote sita katika somo moja. Sehemu moja ya somo ibebe lengo moja au mawili na ikamilike kwa dakika 10 hadi 15. Ukiona inazidi hapo, ikate.

Yako mambo ambayo maktaba hupenda kuyaweka mwanzoni na ambayo ningeyaondoa bila huruma: historia ya maktaba, picha ya jengo, salamu za mkurugenzi, saa za kufungua, na faini za kuchelewesha vitabu. Yote hayo yana mahali pake kwenye tovuti ya maktaba.

Mfano mmoja kwa kina: kutafuta maandiko kuhusu Vita vya Maji Maji

Tuchukue kwamba mhadhiri wa historia ametoa swali kuhusu nafasi ya imani za jadi katika kuwaunganisha watu wa kusini wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Nimeichagua mada hii kwa makusudi, kwa kuwa inamfikisha mwanafunzi kwenye karibu kila ugumu wa utafutaji ambao somo la stadi za maktaba linapaswa kuushughulikia.

Zoezi la kwanza ni la kuchambua swali. Liweke swali zima kwenye skrini na umtake mwanafunzi abofye maneno yanayobeba maana. Akibofya "jadili" au "nafasi", aelezwe kwamba hayo ni maagizo ya mhadhiri na hayataji mada anayoitafuta. Akibofya "Maji Maji", "imani" na "kusini", aendelee. Zoezi hili huchukua dakika mbili tu, nalo humwondolea mwanafunzi ile tabia ya kubandika swali zima.

Zoezi la pili ni la visawe na tahajia, na hapa inafaa kutumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Vita hivi huandikwa Maji Maji, Maji-Maji na Majimaji. Waandishi wa Kiingereza huviita *rebellion*, *uprising*, *war* au *resistance*, na uchaguzi huo mara nyingi huonyesha mwandishi amesimama upande gani. Mwanafunzi anayetafuta kwa neno moja atasoma upande mmoja wa mjadala bila kujua kwamba upo mwingine. Nchi yenyewe nayo imebadilika majina. Wakati wa vita ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikaitwa Tanganyika chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na jina la Tanzania likaja mwaka 1964. Anayetafuta kwa "Tanzania" peke yake anaweza kukosa machapisho ya miaka sitini ya mwanzo. Mpe mwanafunzi maneno hayo yakiwa yamechanganywa, ayapange katika mafungu: majina ya tukio, majina ya nchi, maneno ya imani. Programu ya kuburuta na kudondosha inafaa sana hapa.

Zoezi la tatu ni kuunganisha mafungu hayo. Mwanafunzi ajenge mwenyewe mstari kama huu:

("Maji Maji" OR Majimaji) AND (rebellion OR uprising OR war OR resistance)

Aeleze kwa vitendo kazi ya kila alama. Alama za kunukuu zinayashika maneno mawili yakae pamoja. OR huongeza, AND hupunguza. Mabano huzuia mfumo usiunganishe maneno kwa mpangilio ambao mwanafunzi hakuukusudia. Kisha afungue katalogi ya maktaba au kanzidata katika kichupo kingine, atafute kwanza kwa fungu la kwanza peke yake, halafu kwa mstari mzima, na arudi kujibu swali. Akijaribu neno Majimaji peke yake kwenye Google ya kawaida atakutana pia na habari za klabu ya soka ya Majimaji ya Songea, na hakuna maelezo ya mkutubi yanayofundisha umuhimu wa AND vizuri kuliko ukurasa uliojaa matokeo ya mechi.

Hapa kuna kanuni ya utunzi wa maswali ambayo watengenezaji wengi huisahau. Usiulize "Umepata matokeo mangapi?" kwa sababu idadi hubadilika kila wiki na somo lako litakuwa na jibu lisilo sahihi kabla ya muhula kwisha. Uliza "Je, matokeo yaliongezeka au yalipungua ulipoongeza fungu la pili, na kwa nini?" Jibu la swali hilo litabaki sahihi muda wote kanzidata itakapokuwepo. Vivyo hivyo, badala ya kuuliza makala ya kwanza katika orodha ni ipi, mtake mwanafunzi abandike kichwa cha makala aliyoichagua na aeleze kwa sentensi moja inavyojibu swali la insha. Majibu ya namna hiyo hayasahihishwi na mashine, hivyo utahitaji kuyapitia wewe au mhadhiri. Weka moja tu kwa kila somo.

Ufupishaji wa neno kwa kinyota uingie hapa kwa kifupi. Katika kanzidata nyingi, Tanzan* itampatia Tanzania na Tanzanian kwa pamoja. Mwambie pia kwamba Google Scholar haikitumii kinyota kwa namna hiyo, la sivyo atadhani ameelewa vibaya.

Zoezi la nne limpeleke rafuni, kwa sababu kwa mada hii mtandao hautoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti na wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee waliovikumbuka vita hivyo, na kazi za aina hiyo ni za kutafutwa katika mikusanyo maalumu kama ule wa East Africana, wa machapisho kuhusu Afrika Mashariki, si katika ukurasa wa kwanza wa Google. Basi mfundishe kusoma namba iliyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa Library of Congress, historia ya Tanzania iko kati ya DT 436 na DT 449, na fasihi na lugha ya Kiswahili huanzia PL 8701. Kosa moja hurudiwa na karibu kila mwanafunzi: namba inayofuata nukta na herufi husomwa kama desimali, kwa hiyo .K75 hutangulia .K8, ingawa 75 inaonekana kubwa kuliko 8. Mpe migongo sita ya vitabu aipange kwa kuburuta. Wengi hukosea mara ya kwanza, na hiyo si hasara, mradi kosa limetokea kwenye skrini na si mbele ya rafu ambako mwanafunzi angekata tamaa na kuondoka akiamini kitabu kimeibwa.

Zoezi la mwisho ni la kuhakiki. Wanafunzi wa leo huiomba programu ya akili unde iwatengenezee orodha ya marejeo, na programu hizo huweza kubuni makala isiyokuwepo, yenye kichwa cha kuaminika, jina la jarida linalofahamika na hata namba za kurasa. Kuwakataza hakusaidii. Wape marejeo manne, moja kati yake likiwa umelibuni wewe, na uwatake wayatafute yote katika katalogi, katika tovuti ya jarida, na kwa namba ya DOI, ile namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, pale ilipo. Atakayelikosa lile la uongo kila mahali atakuwa amejifunza njia ya kuhakiki, na njia hiyo itamfaa kwa rejeo lolote analoletewa na rafiki, kitabu au mashine. Mwishoni mwa zoezi mwambie waziwazi lipi lilibuniwa, ili lisije likaonekana kwenye insha ya mtu.

Mrejesho ndio ualimu wenyewe

Katika somo la ana kwa ana, mkutubi humwona mwanafunzi akikunja uso na kumrekebisha. Mtandaoni, kazi hiyo hufanywa na maandishi mafupi yanayotokea baada ya jibu. Ndiyo maana nashauri muda wa kuandika mrejesho uwe mrefu kuliko muda wa kuandika maelezo. Neno "Umekosea" peke yake halifundishi chochote, wala "Hongera!" haifundishi.

Chukua swali hili: "Unataka makala zinazotumia mojawapo ya tahajia hizi mbili. Utaziunganisha kwa neno lipi?" Anayechagua AND asome hivi: "Umeomba makala zilizotumia tahajia zote mbili kwa pamoja. Kwa kawaida mwandishi huchagua moja, kwa hiyo makala nyingi nzuri zimebaki nje. Jiulize tena: nazitaka zote mbili, au yoyote kati yake?" Anayechagua NOT aelezwe kwamba ameifukuza kila makala yenye tahajia ya pili, hata ile iliyozitaja zote. Na anayechagua OR naye aelezwe kwa nini jibu lake ni sahihi, kwa sababu huenda amebahatisha.

Kila jibu la uongo unaloliweka kwenye swali liwe kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Chanzo bora cha makosa hayo ni meza ya huduma: waombe wakutubi wa zamu waandike, kwa muda wa wiki mbili, maswali wanayoulizwa na mambo wanayoona wanafunzi wakiyakosea. Orodha hiyo itakupa majibu ya uongo yenye kufanana na ukweli. Jibu la mzaha, ambalo hakuna mtu angelichagua, linapoteza nafasi.

Kuna jambo jingine linalotokana na saikolojia ya kujifunza. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanafunzi waliojaribiwa kukumbuka walichosoma walikishika kwa muda mrefu zaidi kuliko waliokisoma tena na tena. Kwa hiyo maswali yako si kipimo tu. Ni sehemu ya kufundisha. Panga Moodle ifungue jaribio fupi la maswali matatu wiki moja baada ya somo, likirudia mambo yaleyale kwa mada tofauti. Ni kazi ndogo yenye faida kubwa, na sijui kwa nini haifanywi zaidi.

Vyombo vya kutengenezea

Usitafute programu mpya kabla ya kuangalia iliyoko chuoni. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, Moodle ina H5P ndani yake, na H5P ni programu huria isiyolipiwa inayotengeneza maswali ya kuchagua, ya kuburuta na kudondosha, ya kubofya maneno, video zenye maswali katikati, na hadithi zenye njia panda ambamo uamuzi wa mwanafunzi hubadilisha kinachofuata. Alama huingia moja kwa moja kwenye daftari la kozi. Kama maktaba haina nafasi kwenye Moodle, H5P hufanya kazi pia kwenye WordPress, ila hapo kupata majina na alama za wanafunzi kutahitaji kazi zaidi.

Guide on the Side na LibWizard, ambayo ni bidhaa ya kulipia, hukupa ile skrini iliyogawanywa. Kwenye kompyuta ya maabara inapendeza. Kwenye simu, nusu ya skrini haitoshi kusoma chochote, na isitoshe tovuti nyingi za kanzidata hukataa kufunguliwa ndani ya ukurasa wa tovuti nyingine kwa sababu za usalama. Njia ya vichupo viwili niliyoieleza katika mfano ni ya kawaida sana, lakini haivunjiki.

Andika maandishi yote kwanza kwenye faili la kawaida, yakiwa na maswali, majibu na mirejesho, yapitiwe na mkutubi mwingine pamoja na mhadhiri, ndipo uyaingize kwenye H5P. Kurekebisha sentensi katika faili ni rahisi. Kuirekebisha baada ya kuigawa katika visanduku 40 kunachosha, na mtu aliyechoka huacha makosa yabaki.

Simu, bando na anayesoma akiwa nje ya chuo

Wengi wa wanafunzi wako watalifungua somo kwa simu na kulilipia kwa bando lao wenyewe. Piga hesabu kabla ya kuamua kutumia video. Video ya dakika 5 inayokwenda kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 37.5, wakati picha 10 za skrini zenye kilobaiti 80 kila moja hazifiki hata megabaiti 1. Video ina faida pale mwendo wenyewe unapohitaji kuonekana, kwa mfano namna ya kuchuja matokeo kwa mwaka na kwa aina ya chapisho. Hata hapo dakika moja na nusu inatosha. Weka maandishi ya kila video chini yake. Maandishi hayo yatamfaa mwanafunzi asiyesikia, na pia yule aliye kwenye daladala bila visikizi.

Picha za skrini zikatwe zionyeshe sehemu inayohusika tu, na kila moja iwe na maelezo ya maneno kwa wanaotumia programu za kusomewa skrini. Viwango vya kimataifa vya ufikivu wa tovuti vinataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, yanayopendwa sana na wabunifu, mara nyingi hayafikii hapo. Usitegemee rangi peke yake kutofautisha jibu sahihi na lisilo sahihi.

Lugha ya somo ni uamuzi wa kila chuo. Kozi nyingi hufundishwa kwa Kiingereza na kanzidata nyingi ni za Kiingereza, lakini maelezo ya Kiswahili humfikia haraka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hasa katika mambo kama mabano na desimali. Ukichagua Kiswahili, majina ya vitufe yaache kama yalivyo kwenye skrini. Kitufe kilichoandikwa *Advanced Search* ukikiita kwa jina jingine, mwanafunzi atakitafuta asikione.

Tenga sehemu fupi inayojitegemea kuhusu kuingia kutoka nje ya chuo. Majarida mengi yanayolipiwa hutambua mtandao wa chuo na kufunguka yenyewe, lakini mwanafunzi akiwa nyumbani Kigoma au Lamu hukutana na ukurasa unaomtaka alipe dola kadhaa kwa makala moja. Mwonyeshe hatua za kuingia kwa jina na nywila yake ya chuo, na mwambie kwa herufi kubwa kwamba asilipe. Mwonyeshe pia mahali pasipohitaji nywila wala malipo: hazina ya tasnifu ya chuo chenyewe, na African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, ambayo inakusanya majarida ya Afrika, mengi yakiwa wazi kwa kila msomaji. Kwa wanaosoma afya au kilimo, waeleze habari za Research4Life, ambayo programu zake za Hinari na AGORA, zilizoanza 2002 na 2003, huzipa taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini majarida bila malipo au kwa malipo madogo. Huko mwanafunzi huingia kupitia taasisi yake, kwa hiyo somo limwambie ni nani maktabani anayetoa maelekezo ya kuingia.

Kulijaribu na kulipima

Wakutubi wenzako hawafai kulijaribu somo, kwa kuwa tayari wanajua majibu. Tafuta wanafunzi watano wa mwaka wa kwanza. Idadi hiyo si ya kubahatisha: Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumizi wa tovuti, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya muundo, na kwamba ni afadhali kurudia na wengine watano baada ya kurekebisha kuliko kuita kumi na watano kwa mkupuo. Kila mmoja akae na simu yake mwenyewe, alifanye somo huku akisema kwa sauti anachokifikiria, nawe ukae kimya. Kukaa kimya ndiyo sehemu ngumu. Ukimsaidia mara moja tu, hutajua kama somo lingemsaidia.

Kabla ya somo weka maswali matano ya kupima anachojua, na baada yake maswali mengine matano ya uzito uleule. Swali lililojibiwa vizuri na karibu wote kabla ya somo liondoe pamoja na mafunzo yake, maana unawafundisha wanachokijua. Swali linalokosewa na wengi hata baada ya somo lichunguze mara mbili: huenda mafunzo ni dhaifu, na huenda swali lenyewe lina utata. Moodle itakuonyesha pia mahali wanafunzi wanapoachia njiani. Ukiona wengi wanaishia kwenye skrini ileile, tatizo ni la skrini hiyo.

Alama za jaribio, hata hivyo, hazitoshi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kurasa za marejeo za insha zenyewe. Muombe mhadhiri nakala za kurasa hizo bila majina ya wanafunzi, za darasa lililopitia somo na za darasa la mwaka uliotangulia, kisha hesabu vitabu, makala za majarida na tovuti zisizo na mwandishi. Hapo utajua kama zoezi la mabano na AND lilivuka skrini na kufika kwenye karatasi.

Kulitunza somo

Kampuni zenye kanzidata hubadilisha sura za tovuti zao bila kumwuliza mkutubi, na mara nyingine katikati ya muhula. Somo litaje mtu mmoja anayewajibika nalo kwa cheo chake, si kwa jina, na tarehe ya mwisho lilipopitiwa ionekane kwenye ukurasa wa kwanza. Wiki mbili kabla ya chuo kufunguliwa, mtu huyo apitie kila kiungo na alinganishe kila picha na skrini ilivyo siku hiyo. Mabadiliko yakitokea muhula ukiendelea, usisubiri kutengeneza picha mpya; ondoa ile ya zamani na uandike hatua kwa maneno, kwa sababu picha isiyolingana na skrini humfanya mwanafunzi aone kwamba amepotea.

Hifadhi faili asilia za H5P pamoja na lile faili la maandishi mahali ambapo mwenzako atazipata hata ukihamishwa kituo. Hazina ya kidijitali ya chuo inafaa. Zipe leseni ya Creative Commons inayoruhusu wengine kuzitumia na kuzirekebisha kwa sharti la kutaja chanzo. Chuo kingine kinachotumia Koha kwa katalogi yake na Moodle kwa kozi zake, na viko vingi Afrika Mashariki, kitahitaji kubadilisha viungo, picha chache na mada ya insha tu, huku mazoezi na mirejesho mingi ikibaki kama ulivyoiandika.